Skyrim, God of War, Valhalla au Valheim: Gemu Ipi Ikufae Ukitaka Kuingia Kwenye Visa vya Odin na Thor

Miungu ya Skandinavia ya kale hufa, na inajua kwamba itakufa. Siku ya Ragnarök, yaani mwisho wa dunia, mbwamwitu Fenrir atammeza Odin, mkuu wa miungu. Thor, mungu wa radi, atamuua Jörmungandr, nyoka aliyeizunguka dunia nzima, kisha atapiga hatua tisa na kuanguka, sumu imeshamwingia. Odin anayajua yote hayo mapema, maana alitoa jicho lake moja kwenye kisima cha Mimir, mzee wa hekima, ili apate kujua. Na bado anakusanya jeshi. Snorri Sturluson aliviandika visa hivi Iceland kwenye miaka ya 1220, wakati nchi yake imeshakuwa ya Kikristo kwa zaidi ya miaka 200, na bado ukivisoma leo unahisi ubaridi wa mtu anayeuona mwisho wake kwa mbali na kuendelea kunoa upanga.

Kwangu hicho ndicho kipimo. Gemu ikinipa shoka, ndevu na theluji peke yake, bado haijanipa kitu. Nimecheza nne kwa kina: Skyrim (2011), God of War (2018), Assassin's Creed Valhalla (2020) na Valheim (2021). Ukizitazama kwenye picha za dukani zinafanana kama ndugu. Ukizishika mkononi ni vitu vinne tofauti kabisa, na nimeona watu wakinunua isiyowafaa kwa sababu ya picha ya jaladani, wakaiacha baada ya siku mbili.

Na tulimalize mapema suala la jina la RPG, kwa sababu watu hubishana sana hapo. Ukimaanisha gemu ya kujijengea mhusika wako mwenyewe tangu sura hadi tabia, Skyrim ndiyo RPG kamili. Valhalla inaifuata. God of War ni gemu ya mapigano iliyojengwa juu ya mifupa ya RPG: unapanda daraja, unabadilisha deraya, unabandika runi, zile herufi za kale zenye nguvu, kwenye shoka. Valheim ni ya kuishi porini na kujenga.

Wewe ni nani humo ndani

God of War haikuulizi. Wewe ni Kratos, basi. Waliokulia kwenye vibanda vya gemu enzi za PlayStation 2 wanamkumbuka Kratos wa Ugiriki, aliyeua miungu mmoja baada ya mwingine kwa hasira. Studio ya Santa Monica ilimhamishia Kaskazini, ikamzeesha, ikampa mtoto anayeitwa Atreus, na mke aliyefariki akiacha wosia: majivu yake yakamwagwe kwenye kilele kirefu kuliko vyote katika dunia zote tisa. Safari nzima ni hiyo, baba na mwana wamebeba kifuko cha majivu.

Mwanzoni kabisa wanakwenda kuwinda. Atreus anampiga kulungu mshale, wanamkuta amelala theluji, bado anahema. Mtoto hawezi kummaliza. Kratos anaushika mkono wa mwanawe wenye kisu, wanausukuma pamoja. Halafu mtoto anageuka kutazama mlimani, na baba ananyoosha kiganja amguse mgongoni, kiganja kinasimama hewani, anakirudisha. Hakuna neno linalosemwa. Nimelelewa na baba wa namna hiyo, anayekulipia ada ya shule hadi shilingi ya mwisho lakini hajawahi kukwambia anakupenda, na pale nilisimamisha gemu kwa dakika kadhaa.

Skyrim inakuanzisha umefungwa mikono kwenye mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa. Kosa lako hulijui. Mnapofika Helgen askari anakuuliza wewe ni nani, na hapo ndipo unapochagua: makabila kumi, sura, jina. Kichwa kikiwa tayari juu ya gogo, joka linatua juu ya mnara, na kuanzia dakika hiyo hakuna atakayekupangia maisha. Kuna stadi 18, na hukua kwa kuzitumia. Ukivuta upinde sana, unakuwa hodari wa upinde. Ukifua vyuma, unakuwa mhunzi. Mara ya kwanza nilikusudia kuwa mpiganaji wa shoka la mikono miwili. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa mwindaji anayenyata gizani, na gemu ilinifuata huko bila kulalamika.

Kwenye Valhalla wewe ni Eivor, mwanamume au mwanamke upendavyo, unayeondoka Norway na ukoo wako kwenda kutafuta makazi Uingereza mwaka 873. Maneno mengine unamchagulia, njia kubwa imeshachorwa.

Kwenye Valheim umeshakufa. Valkyrie, mmoja wa wanawake wa Odin wanaochukua waliokufa vitani, anakubeba angani na kukudondosha katika dunia ya kumi, mahali ambapo Odin aliwatupa maadui zake, na kazi yako ni kuwamaliza ili uthibitishe unastahili Valhalla, yaani ukumbi wa Odin wa mashujaa waliokufa vitani. Huna hata kisu. Huna hadithi ya utotoni, huna baba. Wako watu wanaoupenda utupu huo kwa sababu wanaujaza wao wenyewe. Wako wanaokaa dakika kumi wakijiuliza sasa nifanye nini.

Visa vyenyewe vimekaa wapi

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo.

God of War inakusimulia waziwazi. Kuna kichwa cha mzee Mimir kilichokatwa, kinaning'inia kiunoni mwa Kratos, na kinajua kila kitu. Jambo hilo halikubuniwa na watengenezaji: katika visa vya kale Mimir alikatwa kichwa, na Odin akakihifadhi kwa mitishamba ili kiendelee kumpa ushauri. Mkiwa kwenye mtumbwi, mnapiga kasia katika Ziwa la Tisa (Lake of Nine), Mimir anaanza kisa cha Thor au cha majitu. Mkigusa ufukwe anakatiza. Mkirudi mtumbwini anaendelea palepale alipoachia. Aliyewahi kukaa miguuni mwa bibi usiku, akaitikia "hadithi njoo", atajua raha ya kusikiliza hivyo, na uchungu wa kuambiwa nenda ukalale kisa kikiwa hakijaisha.

Wahunzi wawili wanaokutengenezea silaha, Brok na Sindri, nao wametoka mle mle. Katika visa ndio waliofua nyundo ya Thor, Mjölnir, na mpini ukatoka mfupi kwa sababu Loki, yule mungu mjanja, alijigeuza nzi akamng'ata mmoja wao kwenye kope kazi ikiendelea. Ila ujue gemu imevunja na kuunga upya. Miungu wawili wa kike, Frigg, mamake Baldur, na Freya, wamefanywa mtu mmoja. Thor hapa si shujaa. Odin ni mtawala anayeogopwa na kila unayekutana naye. Ukitaka visa kama vilivyoandikwa, utakereka. Mimi naona walikuwa na haki, kwa sababu lile jambo la msingi, la mtu kujua kinachokuja na kujaribu kukizuia hadi akakisababisha yeye mwenyewe, wamelibeba kwa uzito kuliko gemu nyingine yoyote niliyoicheza. Hadithi ya Freya na Baldur ndiyo inayolibeba. Sitasema inaishaje.

Skyrim haimtaji Odin wala Thor hata mara moja. Dunia yake ni ya kubuni, watu wake wanaitwa Wanord, mbingu ya mashujaa inaitwa Sovngarde. Lakini ukichimba unakuta mifupa ileile: ukumbi wa mashujaa waliokufa vitani, daraja la mifupa ya nyangumi lenye mlinzi anayekupima kabla hujavuka, joka Alduin aliyetabiriwa kuumeza ulimwengu. Na draugr. Hilo ni neno la Kinorse lenyewe, lugha ya Skandinavia ya kale: maiti anayeishi kaburini akilinda mali yake, na visa vya Iceland vimejaa hofu yake.

Kaburi la kwanza watu wengi wanaloingia ni Bleak Falls Barrow. Unateremka na kijinga cha moto, maiti wamelala kwenye mashubaka ya ukuta, unapita taratibu, kisha nyuma yako unasikia mfupa ukilia na kifuniko kikianguka. Mwishoni kuna mlango wa mawe wenye duara tatu zinazozunguka, kila duara ina wanyama. Wengi hubahatisha hapo kwa nusu saa. Jibu unalo mfukoni: ile kucha ya dhahabu uliyoichukua njiani, itoe, igeuze uitazame kiganjani. Dubu, nondo, bundi. Nyuma ya mlango kuna ukuta wenye maandishi kama yaliyochimbwa kwa makucha, neno moja linang'aa, linaingia mwilini mwako, nawe unaweza kulipiga kama silaha. Odin alijining'iniza juu ya mti usiku tisa ili apate runi. Skyrim ilielewa kwamba kwa watu wale neno lilikuwa nguvu, na ikaijenga gemu nzima juu ya hilo.

Valhalla imeviweka visa pembeni. Mganga Valka anakupikia dawa, unalala, unaota wewe ni Havi, "Aliye Juu", moja ya majina ya Odin. Unaiona Asgard, makao ya miungu, unashuhudia Fenrir akifungwa, na mungu Tyr akipoteza mkono. Vipande hivyo ni vizuri, lakini ni ndoto ndani ya gemu ya historia, na ziada ya 2022 iitwayo Dawn of Ragnarök, inayokupeleka Svartalfheim, dunia ya mbilikimo, kupambana na jitu la moto Surtr, inauzwa peke yake.

Kuna jambo moja la Valhalla ambalo hata hivyo ningemwambia kila msomaji wa Kiswahili akalione. Linaitwa flyting, yaani kushindana kwa kutukanana kishairi, na Waviking walilifanya kweli. Mpinzani anakurushia ubeti, saa inakimbia, unapewa mishororo mitatu uchague ule unaomjibu kwa maana, kwa mizani na kwa vina. Ukikosea vina, umati unakuzomea. Sisi ambao washairi wetu wa Mombasa na Lamu walijibizana kwa tungo enzi za vita vya Shela, hatuhitaji kuelezwa kwa nini mchezo huo unanoga. Ugumu wake ni kwamba lugha ni ya Kiingereza cha mafumbo, na muda ni mfupi.

Valheim inatumia visa kama viungo. Adui mkubwa wa kwanza ni kulungu Eikthyr mwenye radi kwenye pembe zake. Katika visa yupo kulungu Eikþyrnir anayesimama juu ya paa la Valhalla, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye pembe zake hulisha mito. Hakuna atakayekusimulia hilo. Hugin, kunguru wa Odin, anatua, anakwambia jinsi ya kutengeneza nyundo, anaruka zake.

Mkono unavyohisi

Shoka la Leviathan la God of War ni silaha tamu kuliko zote nilizowahi kushika kwenye pedi. Unalirusha, linamgandisha adui, unabaki unapiga kwa ngumi na ngao. Unabonyeza kitufe, unasikia mvumo ukikujia, pap, limetua kiganjani na pedi imetetemeka. Nilikuwa nalirusha kwenye miti isiyo na kosa ili tu nilirudishe. Ukishaikamilisha hadithi, watafute mavalkyrie tisa waliofichwa. Malkia wao Sigrun alinichukua jioni tatu.

Skyrim hapa imezeeka, na lazima niseme. Unapunga upanga, adui anapunga wake, mnapunguzana damu. Ukiipenda, utaipenda kwa kutangatanga. Valhalla ina uvamizi mzuri: mashua ndefu inapenya mtoni, unapuliza pembe, watu wako wanaruka nchi kavu. Baada ya monasteri ya kumi nilikuwa nimetosheka.

Valheim inakushinda kwa mambo madogo. Ukikata mti simama upande salama, kwa sababu ukianguka unasukuma mwingine, na ule wa pili unaweza kukuua. Ukiwasha moto ndani ya nyumba usiyoiachia tundu la moshi, moshi unajaa na kukudhuru. Mvua inaozesha ubao usio na paa. Na bahari! Mashua ina tanga moja, upepo unabadilika, na ukija wa mbele unabaki na mawili: kupiga kasia polepole au kwenda bisha, huku na huku, kama nahodha wa jahazi. Usiku mmoja tulikuwa wanne, dhoruba imeanza, shehena yote ya chuma ikiwa chomboni, na nyoka wa baharini akatoa shingo ubavuni. Mmoja wetu alikuwa anapiga kelele kwa Kipwani halisi, "Telemsha tanga! Telemsha!" Tulizama. Kesho yake tulirudi na mashua nyingine kuvitafuta vitu vyetu, kwa sababu Valheim inakuachia jiwe la kaburi palepale ulipofia, na mali yako yote imo humo ikikusubiri.

Hilo hulipati peke yako. Valheim inachukua hadi wachezaji kumi katika dunia moja, na bila wenzako inapoteza nusu ya ladha yake. Hizo nyingine tatu ni za mtu mmoja.

Mashine, bando na pesa

Kwa wengi wetu hapa ndipo uamuzi unapofanyika kweli.

Valheim ni ndogo ajabu: ilipotoka ilikuwa karibu GB 1 tu. Iliundwa na kikundi kidogo cha Iron Gate huko Skövde, Sweden, na imekuwa ikikamilishwa kidogo kidogo tangu 2021. Ilitoka kwa dola 19.99. Udogo huo usikudanganye kuhusu mashine. Inataka RAM ya GB 8 na kadi ya picha yenye nguvu kiasi, na mkijenga ngome kubwa laptopu ya kawaida inahema.

Skyrim Special Edition, toleo la 2016, inataka nafasi ya GB 12 na inakubali kadi za picha za zamani. Bei yake ilianza dola 39.99 na kila msimu wa punguzo inashuka sana. Ukiwa na laptopu ya mtumba iliyokwisha kufanya kazi ya ofisi miaka mitano, anzia hapa.

God of War ilikuja kwenye kompyuta Januari 2022 kwa dola 49.99, na inataka GB 70. Mwendelezo wake, Ragnarök, umefika GB 190. Piga hesabu ya bando kabla hujabonyeza kununua. Mimi ile ya kwanza niliipakua kwa bando la usiku, siku kadhaa mfululizo. Kwenye PlayStation diski ya mtumba bado ndiyo njia nafuu, na baada ya kumaliza unaiuza au unabadilishana na jirani. Ragnarök ya kompyuta ilipotoka Septemba 2024 ilidai akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation, huduma isiyofika nchi zetu nyingi. Sharti hilo liliondolewa 2025, lakini angalia kwanza kama duka linakuuzia ulipo.

Valhalla nayo ni nzito, na ni ndefu: ukifuata hadithi kuu tu jiandae kwa saa 60. God of War unaimaliza kwa saa 20 na ushei. Skyrim haina mwisho wa maana.

Umeme ukikatika, Skyrim ndiyo yenye huruma zaidi, kwa kuwa unaweza kusevu popote, hata katikati ya pango, na yenyewe inasevu ukipita mlango. God of War inasevu mara kwa mara lakini si katikati ya vita. Nilipoteza Sigrun namna hiyo, amebakiza damu kidogo sana, taa zikazima mtaa mzima.

Kwa wenye watoto: God of War, Skyrim na Valhalla zote zimewekewa alama ya 18 Ulaya, na alama hiyo si ya bure. Damu ni nyingi.

Ningekuchagulia hivi

Kama unaweza kununua moja tu, na una PlayStation 4 au kompyuta inayoimudu, chukua God of War. Sisiti. Ndiyo iliyonifanya nirudi kuvitafuta visa vyenyewe.

Kama mashine yako ni dhaifu, au unataka dunia ya kuishi kwa mwaka mzima ukijipangia mwenyewe, chukua Skyrim. Kama mko kundi, hata watatu, mnaongea kwenye simu huku mnacheza, chukueni Valheim na mgawane kazi tangu siku ya kwanza: mmoja wa kuwinda, mmoja wa kujenga, mmoja wa chombo. Valhalla nampa mpenda historia, yule anayetaka kutembea Mercia na Northumbria na kukutana na wana wa Ragnar na mfalme Alfred. Kwa mtafutaji wa miungu ningeiweka mwisho.

Na kwa God of War, usianze na Ragnarök hata kama jina lake ndilo linalokuvutia. Haitakugusa moyo bila ile ya kwanza. Anza na ya 2018. Mkiwa mtumbwini na Mimir ameanza kisa, usikimbilie ufukwe. Zunguka ziwani polepole hadi amalize.